Beberu wa Bibi Mbeyu na Neno la Herufi Kumi na Moja

Diani, 4 Agosti 1963

Kwa Bibi yangu Mbeyu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mjukuu wako Ziro ni mzima kama kigingi, ila jino la nyuma linaniuma. Nikila vya watu haliumi, nikila vyangu linauma. Hapa Diani mvua imenyesha na madafu yapo tele. Wageni wa hoteli wananunua kwangu kwa sababu ninawaambia dafu langu linarefusha maisha, na mpaka leo hakuna aliyerudi kunilalamikia kuwa amekufa. Nisalimie wote hapo Taru, na Garama wa stesheni anayekusomea barua hii mwambie asome polepole, asiruke mahali.

Sasa habari yenyewe. Nimepata mchumba. Usitupe mkeka wangu nje, mke wangu, sikiliza kwanza. Anaitwa Ndila. Amesoma mpaka darasa la nane, na akicheka anauma pindo la leso. Babake ni Mzee Kivuva, Mkamba aliyepewa shamba huku Shimba, na sasa anajenga duka pale Ukunda. Ni mzee wa kanisa, hana mchezo. Aliniambia hivi: "Kijana, sura yako sitaki, maneno yako ndiyo sitaki kabisa. Nataka barua ya tajiri uliyemfanyia kazi, aseme wewe ni mtu wa namna gani. Bila barua hakuna binti."

Barua ninayo! Bwana Tapskoti aliniandikia mwezi wa sita alipofunga nyumba kurudi kwao Ulaya. Alikuwa akicheka huku anaandika, mpaka miwani ikamdondoka, nikadhani ndio uchungu wa kuagana, maana Wazungu wengine hulia kwa meno. Barua yenyewe ni mstari mmoja tu, nakunakilia herufi kwa herufi:

ZIRO CAN HORNSWOGGLE ANY MAN LIVING.

Ndila amenisomea: Ziro anaweza ku-nini-hii mtu yeyote aliye hai. Lile la katikati hajapata kuliona shuleni. Basi ndilo lenye sifa, kwa sababu ndilo refu, lina herufi kumi na moja. Mzee Kivuva akaliwekea kidole. "Na hili?" Bibi, ulimi wangu unaujua, haupendi kukaa bure. Nikamwambia, "Hilo, mzee, ni kumtuliza mtu roho mpaka akuamini kama ndugu yake wa tumbo moja."

Akaipenda sana. Lakini mimi mwenyewe usingizi umepungua. Garama ana kile kitabu cha Kiingereza, anitafutie maana haraka.

Mumeo,
Ziro

Stesheni ya Taru, 25 Agosti 1963

Mume wangu Ziro,

Marahaba. Mimi ni mzima, magoti ndiyo hayataki. Mvua hatujaiona, tunaisikia kwenye barua zako tu. Fondo mdogo wa shangazi yako ameota meno mawili na tayari ameniuma. Huyo mke mwenza unayeniletea, mwambie kuni zangu anazikuta mlangoni, aanze na hizo.

Garama amelitafuta neno lako. Kitabu chake kidogo, halimo. Anasema atawauliza abiria wa daraja la kwanza treni ikisimama kunywa maji.

Sasa na mimi nina swali, langu halihitaji kitabu. Beberu wangu Diwani yuko wapi? Mwaka jana mwezi wa kumi na moja ulikuja hapa, ukamshika kidevu, ukasema macho yake yana ugonjwa, ukasema kuna daktari wa mifugo Kwale wa kumpiga sindano, ukasema Jumatatu utamrudisha. Mimi mwenyewe nilikupa kamba. Mimi mwenyewe nikakusindikiza mpaka barabarani. Jumatatu ipi hiyo, Ziro?

Usiniambie amepotea. Sikio lake la kushoto nimelichanja mara mbili na la kulia nimelitoboa, alama ya mama yangu. Kutoka hapa mpaka baharini hakuna mwingine mwenye masikio hayo.

Mkeo,
Mbeyu

Mimi Garama mwandishi naongeza langu: na ile baiskeli yangu pampu yake iko wapi?

Diani, 15 Septemba 1963

Bibi wa dhahabu, shikamoo,

Barua imefika ikiwa na harufu ya moshi wa jikoni kwako, nikalia machozi mawili. Jino limepona, nimeling'oa kwa uzi na mlango. Pampu ya Garama inamsalimia sana.

Diwani anaendelea vizuri na matibabu.

Sasa tuzungumze mambo ya maana. Mzee Kivuva amelipenda neno langu kuliko anavyonipenda mimi. Jumapili iliyopita aliomba kanisani kwa sauti, "Ee Mungu, utuhoniswogo sisi watoto wako." Watu wakaitikia amina. Juzi kulikuwa na msiba kwa Maweu jirani yao, Mzee akamshika mjane mkono, akamwambia, "Vumilia mama, Bwana atakuhoniswogo." Mjane akatulia papo hapo. Nikajiambia, pengine kweli maana yake ndiyo ile, nimeibahatisha.

Ila Ndila amenitazama kwa jicho la pembeni. Akaniuliza, "Ziro, una hakika?" Nikamjibu, "Nina hakika kama jina langu." Akaniuliza, "Jina lako la kweli au lile uliloandikisha hotelini?" Huyo msichana angekuwa karani wa mahakama.

Na kuna jambo kubwa. Mzee anataka kuniweka dukani. Amesema ubao utaandikwa Kivuva na Mkwewe. Mkwewe, Bibi! Ndio mimi huyo! Darasa la tatu nilifukuzwa kwa kuuza chaki za mwalimu, leo ninaandikwa kwa chaki za watu.

Garama amwulize abiria yeyote. Hata wa daraja la tatu.

Ziro wako

Taru, 20 Oktoba 1963

Mume wangu mwenye mdomo wa asali,

Hatujambo. Ng'ombe wawili wa Rai jirani yetu wamekufa kwa kiu, tumepeana pole. Mwanasiasa mmoja alisimama hapa stesheni na kipaza sauti, akasema mabeberu wote lazima waondoke nchini. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, mwanangu, wangu ameondoka tangu mwaka jana, na aliyemwondoa ni mjukuu wangu, mnaweza kumpa kazi. Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika.

Neno lako tumelipata. Jumanne treni ilisimama, dirishani kulikuwa na mmishonari wa Kimarekani anakula ndizi. Garama akamwonyesha karatasi. Yule mtu alicheka, akapaliwa na ndizi, akapigwa mgongo na mkewe. Kisha akaeleza, na treni ilipoanza kwenda alikuwa bado anaeleza, Garama akikimbia pembeni na penseli mpaka reli ikamshinda.

Garama amenifasiria yote. Nimekaa chini. Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimecheka tena.

Sikwambii.

Utaniambia kwanza Diwani yuko wapi. Ukweli wa Diwani uje kwa posta, maana ya neno itakwenda kwa posta.

Mbeyu

Mimi Garama naongeza: ndugu yangu, ningekuwa wewe ningesema upesi sana. Zaidi ya hapo nimekatazwa, bibi ameshika fimbo.

Diani, 3 Novemba 1963

Bibi, shikamoo kwa magoti yote mawili,

Leo sina utani. Ubao umeandikwa! Uko juu ya mlango wa duka pale Ukunda, kila mtu anauona:

KIVUVA NA MKWEWE
WE HORNSWOGGLE ALL OUR CUSTOMERS

Ule mstari wa chini Ndila ndiye aliyemtungia babake. Maana yake tunawahoniswogo wateja wetu wote. Jumatano Wazungu wawili walipita na gari, wakasimama, wakarudi nyuma. Wakapiga picha. Mmoja alicheka akakaa chini barabarani na suruali yake nyeupe. Mzee Kivuva akaja kuniambia kwa furaha, "Unaona? Neno zuri linavuta watu." Wakanunua sabuni ishirini, Bibi. Nani anaoga sabuni ishirini?

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu siku. Tarehe 14 Desemba, Jumamosi baada ya Uhuru, duka linafunguliwa. Mchungaji anakuja kutoka Mombasa, mtu wa vitabu, Kiingereza anakiota. Atausoma ubao mbele ya watu wote, na Mzee amesema papo hapo atatangaza posa yangu. Kama neno ni jema, nina mke. Kama neno ni baya, Mzee ataaibika mbele ya kanisa lake, na Ndila nitamwona tena siku ya kiyama.

Kwa hivyo nakwambia ukweli wa Diwani. Jikaze. Amefariki. Aliliwa na chui wa Shimba akiwa anamtetea daktari wa mifugo. Daktari alilia. Tulimzika kwa heshima.

Haya, neno lina maana gani?

Ziro

Taru, 17 Novemba 1963

Ziro,

Hatujambo.

Beberu akimwona chui hamtetei mtu, anakunya na kukimbia. Chui gani huyo anayeacha daktari mnene akala mbuzi?

Lakini sawa, amekufa. Basi niletee masikio. Chui hali masikio. La kushoto chanjo mbili, la kulia tundu. Yafunge kwenye karatasi, uyatie posta.

Mbeyu

Mimi Garama naongeza: amekaa matanga kweli, watu watatu wamekuja wamekula ugali. Sema ukweli, mwanaume.

Diani, 26 Novemba 1963

Bibi Mbeyu,

Shikamoo. Sina salamu nyingi. Mke wa Mzee, Mama Kathini, ameanza kushona nguo ya binti yake, na mimi nikipita dukani ninainamisha kichwa nisiuone ule ubao.

Hakuna chui. Hakuna daktari. Nilimuuza Diwani kwa Bwana Tapskoti.

Na nilimuuza akiwa mbuzi wa maziwa.

Usimpige Garama, yeye anasoma tu. Ilikuwa hivi: Bwana alikuwa mtu wa kukusanya vipepeo, mifugo haijui, na maziwa ya kopo yalimsokota tumbo. Akasema, "Ziro, nitafutie mbuzi wa kukamua." Nami sikuwa na mbuzi mwingine wa karibu ila wako. Nikamleta Diwani. Bwana akamtazama, akaniuliza, "Mbona ana ndevu?" Nikamwambia kwetu Taru majike wa ukoo bora wote wana ndevu. Akainama, akatazama nyuma, akauliza, "Na hivi viwili?" Nikamwambia, "Ndiyo maziwa yenyewe, Bwana, ila bado hayajafunguka. Ameingiwa na upepo wa bahari. Mpe muda."

Alimpa miezi sita. Kila asubuhi anatoka na jagi. Nilimwambia mbuzi wetu hapendi kimya, basi akawa anamwimbia. Mzungu mzima, bukta na jagi, anamwimbia beberu! Mpaka majike wote wa jirani walipozaa, vitoto vyote na sura ya Diwani. Hapo Bwana alikaa kwenye ngazi, nikajua leo nafukuzwa. Akacheka mpaka jioni. Hakunifukuza. Na alipokuwa akiondoka ndio akaniandikia ile barua.

Alipoondoka wanyama wake aliwagawa, Diwani sijui alikwenda kwa nani. Huo ndio ukweli, Bibi. Nimeuandika mara moja bila kupumzika, na mkono unauma, nadhani haukuzoea.

Nisamehe. Na uniambie neno.

Ziro

Taru, 6 Desemba 1963

Mume wangu,

Marahaba. Sasa umesalimia vizuri.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Siku ya kwanza nilikata fimbo. Siku ya pili nikawaza yule Mzungu na jagi, akiimba, na Diwani wangu alivyo na kiburi, nikaitupa fimbo. Sikiliza sasa, Garama anaandika kama yule mmishonari alivyosema.

Neno lako maana yake ni kudanganya.

Ngoja, usianguke bado. Si kudanganya kwa kila siku. Waingereza wana maneno ya kudanganya kama sisi tulivyo na majina ya rangi za ng'ombe. Kuna la mahakamani, hilo likitajwa mtu anafungwa. Kuna la mume na mke, hilo likitajwa vyombo vinavunjika. Hili lako ni la Wamarekani, la mzaha, ni adimu, na mtu hawezi kulitamka bila mdomo kumcheza. Halisemwi kwa jaji wala kwenye msiba, kwa hivyo yule mjane mkamwombe radhi. Tena halisimami peke yake, lazima awepo wa kutendewa. Ukuta huwezi kuuhoniswogo.

Na si wizi. Mwizi huvunja mlango. Mwenye neno hili hufunguliwa mlango, akapewa kiti, akapewa na kitu chenyewe kwa mkono wa mwenyewe, akasindikizwa mpaka barabarani. Kesho yake mwenyewe ndipo anapokuna kichwa.

Umeona? Tajiri wako hakukutukana. Alikuchora.

Sasa nenda kwa Mzee Kivuva kabla mchungaji hajafika. Nenda wewe kwa miguu yako, usitume mtu. Ukimwambia mwenyewe huenda akakufukuza. Akiambiwa na mgeni atakufukuza hakika, na binti atajua kuwa ulijua. Usiweke chui ndani.

Mbeyu

Diani, 16 Desemba 1963

Bibi yangu,

Shikamoo. Heri ya Uhuru. Kwa ajili ya sikukuu posta ilifungwa, barua yako niliipata Ijumaa tarehe 13 mchana, duka linafunguliwa kesho yake! Niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa Mzee Kivuva kabla chai haijachemka. Wote walikuwa kwenye ua wa mbele: Mzee, Mama Kathini, Ndila na kakake Mwinga. Nikasema hodi, nikavua kofia, na nikasema kabla ulimi haujapata wazo jingine:

"Mzee, lile neno ni kudanganya. Sikujua nilipokwambia, nilibahatisha tu. Sasa najua. Na Bwana Tapskoti aliniandika hivyo kwa sababu nilimuuzia beberu wa bibi yangu akiwa mbuzi wa maziwa."

Nikasikia kuku akimeza.

Mzee akaniuliza, "Alikuwa na ndevu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba ni wa ukoo bora."

Mama Kathini akajifunika uso kwa leso. Nikadhani analia. Mzee akasimama, akasema, "Nifuate." Bibi, miezi yote hii sijapita nyuma ya nyumba yao, kwa sababu mchumba havuki ua wa mbele kabla ya kukubaliwa. Nikamfuata, nikijua anakwenda kuchukua panga.

Akafungua zizi. Ndani, katikati ya majike kumi na mawili, amesimama kama ndiye aliyeleta Uhuru: Diwani! Kushoto chanjo mbili, kulia tundu. Akanitazama akanitemea nyasi.

"Bwana Tapskoti aliniuzia huyu mwezi wa sita," akasema Mzee. "Akanipa na hadithi yake yote, bure. Kabla hujanifikia na barua yako nilikuwa nakujua kijana wewe."

"Na neno? Ulilijua, mzee?"

"Hadithi aliianza kwa neno hilohilo. Kijana mmoja amenihoniswogo, akasema, kisha akanieleza."

"Na ile sala kanisani? Na mjane wa Maweu?"

"Mungu anajua nilikuwa nacheka na nani. Mjane nilimweleza kesho yake, alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilitaka kuona utaubeba uwongo mpaka wapi. Mwongo wa kuchekesha ninaweza kukaa naye. Anayemwacha mkwe wake aaibike, hapana. Nimengoja miezi minne uje mwenyewe. Ungekuja kesho, ungekuta mlango umefungwa."

Kisha akageuka. "Mwinga! Lete jagi."

Wakaniletea jagi. La bati, lile lile la Bwana Tapskoti, alilinunua pamoja na mbuzi! Mzee akaniwekea kigoda nyuma ya Diwani.

"Karibu, mkwe," akasema. "Chai iko motoni na maziwa hatuna. Kamua."

Nikasema, "Mzee..."

"Hayajafunguka? Mwimbie."

Nikaimba, Bibi. Mbele ya mchumba wangu, na jagi mkononi, nilimwimbia yule beberu beti tatu. Niliponyoosha mkono akanipiga teke la kifua, nikaketi kwenye mavi. Ndila aliuma leso mpaka ikatoboka. Yeye pia alikuwa anajua tangu mwezi wa tisa, babake alimwambia, na ule mstari wa ubao aliutunga kwa kusudi. Nitaoa watu gani hawa!

Mchungaji alipofika saa nne, Mzee alikuwa ameshaufuta ule mstari kwa kitambaa cha maji. Uliandikwa kwa chokaa. Wa juu, Kivuva na Mkwewe, ulikuwa wa rangi ya mafuta. Nikamwuliza, kama nisingekuja? Akasema, "Ningeukwangua kwa kisu. Rangi ni ghali, lakini ningeukwangua."

Posa imetangazwa. Harusi ni Aprili. Diwani nimemwomba Mzee akurudishie, akakataa. Anasema amemhesabu kuwa ndiye mbuzi wa kwanza wa mahari.

Mumeo aliyepigwa teke,
Ziro

Taru, 2 Januari 1964

Mume wangu Ziro,

Marahaba, na hongera. Mvua imenyesha hatimaye, tumepanda. Garama amenisomea barua yako mara nne, mara ya nne treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi haina wa kuipokea.

Msalimie Mzee Kivuva. Mwambie ninamheshimu. Mwambie pia nakuja Aprili, na siku ya harusi nitalala mlangoni kwa bibi arusi kama desturi ilivyo, sitainuka mpaka nipewe kifungua mlango, na kifungua mlango changu kina chanjo mbili kushoto na tundu kulia. Mahari atafute mbuzi mwingine.

Usiku nilikuwa nawaza, nikacheka peke yangu. Mwaka juzi ulikuja ukaingia, nikakupa kiti. Nikakupa beberu wangu kwa mkono wangu, na kamba juu. Nikakusindikiza mpaka barabarani, nikakupungia mkono. Kumbe nilikuwa nakutolea mahari, unakwenda kuniletea mke mwenza.

Garama anasema sasa neno nimelielewa kuliko yule mmishonari.

Mkeo mkubwa,
Mbeyu

Mimi Garama naongeza: Aprili tunakuja wote wawili. Pampu niikute mezani.